Nimekesha mara nne kwenye mawe na fimbo ya flai, mbona sangala hagusi?

"Habari za kazi kaka. Naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Shemeji yangu yuko Marekani, alipokuja likizo akaniachia fimbo ya flai namba 8, mshipi wake unaoelea na kiboksi cha flai (vile vyambo bandia vya manyoya) za rangi rangi. Yeye kule anavua samaki wanaitwa bass, anasema wakubwa wote anawapataga usiku, giza likiingia wanasogea pembeni kabisa. Mimi nimeenda mara nne kwenye mawe upande wa Bangwe, magharibi mpaka saa nne usiku, nikanunua na taa ya sola nikaiweka pale miguuni iwavute. Nimeambulia kuona vidagaa vinarukaruka tu, sangala hata kugusa. Mwenzangu mmoja kaniambia nisubiri mbalamwezi, mwingine anasema flai ni mambo ya wazungu ya mtoni, huku ni mshipi wa mkono basi. Na mke wangu hataki kabisa niende usiku, anaogopa mamba. Je nikomae au napoteza muda?"

Pole na kukesha ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili mana ndani yake kuna maswali kama manne, la flai, la taa, la mwezi na la mama watoto, na yote yanagusana. Kwa kifupi tu, muda hupotezi, ila unavua ziwa la shemeji yako ukiwa umesimama kwenye ziwa letu. Anayokwambia ni kweli tupu kwa kule kwake. Hapa kuna vitu vinabadilika na hakuna aliyekwambia vipi.

Kwanza bass. Huyo samaki Tanganyika hayupo kabisa, ni wa Marekani, na wapo waliopandikizwa ziwa Naivasha kule Kenya. Sangala wetu ni ukoo mwingine, ni ndugu wa sangara wa ziwa Victoria, na hapo watu wengi wanachanganya majina mpaka wanachanganya na historia. Sangara wa Victoria aliletwa na watu miaka ya 1950. Sangala, nonzi na mgebuka ni wa hapa hapa tangu enzi na enzi, hawapatikani kwa asili ziwa lingine lolote duniani. Wanachofanana na bass ni tabia ya kuwinda, wote wanameza samaki mzima kwa kuvizia, na ndio mana flai kubwa inaweza kufanya kazi kwa wote wawili. Tofauti ipo kwenye njia wanayotumia kuja kula.

Bass anaishi kwenye maji mafupi yenye majani. Kiangazi kule mchana maji ya pembeni yanachemka, boti zinapiga kelele, basi anajificha, jua likizama anatoka anakuja pembeni kabisa kukamata vyura na visamaki. Safari yake ni ya kutoka katikati kuja ukingoni. Sasa njoo huku. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale palipozidi, na hewa ya oksijeni upande wetu huu wa kaskazini inaishia mita 100 na kitu, chini ya hapo samaki hawaishi. Vile vijidudu vidogo vya majini vinashinda chini mchana kukwepa kuonekana, giza likiingia vinapanda juu kula, dagaa wanavifuata, mgebuka anafuata dagaa, na sangala mkubwa aliyeshinda karibu na sakafu ya ziwa, pale ambapo oksijeni bado inafika, naye anainuka. Yaani safari ya usiku huku ni ya kutoka chini kwenda juu, ukingoni ni kwa bahati tu. Wavuvi wetu wa vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa na wavu, wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote, ndio mana wanasogea kwenye kina wanawasha taa wanawasubiri juu, hawahangaiki na mawe.

Kwahiyo wewe kwenye mawe ya Bangwe unahitaji sehemu ambayo kina kinaanguka ghafla karibu na miguu yako, ili samaki akipanda apandie pale pale. Bahati nzuri pwani yetu ina sehemu nyingi za hivyo. Nenda mchana, chukua kamba na jiwe, upime. Ukirusha jiwe hatua kumi kutoka ulipo na kamba ikaisha mita 15 bila kugusa chini, hapo panafaa. Pakiwa na mchanga unaoteremka polepole hamia kwingine, hapo unawafundisha wasangala wadogo kukwepa ndoano tu, mana watoto wao ndio wanakulia pembeni kwenye majani.

Haya, taa. Hapa ndipo nadhani ulipokosea zaidi, na ni kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Ulipoweka taa miguuni ulifanya mambo mawili kwa pamoja, ulivuta dagaa (wale uliowaona wanaruka) alafu ukasimama mbele ya taa ukarusha mkono juu chini juu chini, kivuli chako kikawa kinapiga maji kama mti unaanguka. Samaki mkubwa alikuwepo au hakuwepo hatujui, ila kama alikuwepo alikuona. Na hata asingekuona, ulikuwa unarusha flai katikati ya mwanga, kwenye maelfu ya dagaa wazima, kati ya wote hao kwanini achague ya kwako?

Mwindaji hakai kwenye mwanga, anazunguka nje yake, pale maji yanapokuwa meusi, anaangalia ndani. Jicho la samaki halina kope na halibani mboni kama letu, kuzoea giza au mwanga ni kazi ya chembe za ndani ya jicho kujisogeza mahali pake, na hiyo inachukua makumi ya dakika. Akiwa gizani macho yake yamefunguka kwa giza, anaona vizuri kila kinachopita mbele ya mwanga, na hana haraka ya kuingia pale penye kumuumiza. Ndio mana ukiwasha tochi ghafla ukamulika maji umeharibu nusu saa nzima, yake na ya kwako.

Kwahiyo kama unatumia taa, iweke mbali na wewe, hatua saba nane pembeni, juu ya mti au fito inayoning'inia kidogo majini, uiwashe mapema kabla giza halijakolea na usiizime usiiguse mpaka unaondoka. Iache saa nzima ikusanye dagaa. Wewe simama gizani, na urushe flai ipite sambamba na ule mstari ambapo mwanga unakufa. Usiingie ndani. Tochi ya kichwani ifunge karatasi ya nailoni nyekundu, inatosha kufungia fundo na haikuui macho.

Sasa flai zenyewe. Najua kwenye kile kiboksi kuna za njano, kijani, za kumetameta, zinapendeza machoni. Usiku ziache. Chukua nyeusi. Watu wanashangaa, giza na cheusi wapi na wapi, lakini fikiria samaki yuko chini anaangalia juu, na anga hata usiku wa giza haiwi nyeusi kama mkaa, kuna nyota kuna mwanga wa mji, kitu cheusi kinaonekana kama kivuli kilichochorwa vizuri. Rangi haoni, umbo analiona. Na kama maji yametibuka hata umbo halioni, anahisi. Samaki ana mstari ubavuni, ukimgeuza mgebuka sokoni utauona, vitobo vidogo vidogo mfululizo kutoka kichwani mpaka mkiani, hivyo ndivyo vinavyosikia maji yakisukumwa. Jaribu nyumbani, jaza beseni maji, tumbukiza mkono mmoja utulie, alafu mkono mwingine upitishe kwa mbali kidogo bila kugusa, kwanza ukiwa umenyoosha vidole wima kama kisu, kisha ukiwa umekunja ngumi. Ngumi utaisikia. Flai ya usiku iwe ngumi.

Mimi nafunga mwenyewe, naomba nikueleze mana haina gharama. Ndoano namba 1/0, mkia manyoya marefu ya jogoo mweusi, katikati nywele za mbuzi nyeusi nazifunga zikiwa zimesimama kuzunguka shina lote, kichwa nakata kipande cha kandambili kuukuu, mduara wa ukubwa kama shilingi mia ila nene, nakitoboa na kukigandisha kwa gundi. Urefu wote sentimita 8 hivi, sawa na dagaa aliyekomaa. Ukikata uso wa kandambili ukawa bapa inasukuma maji na kutoa kamlio kadogo inapovutwa, na inaelea yenyewe. Alafu chukua koleo ubane ule mwiba wa ndoano mpaka ulale kabisa. Hili ni lazima na chini nitakwambia kwanini. Ile nailoni ya mwisho iwe ya kilo 10, urefu mita 2 tu, ndefu zaidi ya hapo gizani inakuviringikia.

Kuvuta ni polepole. Polepole kuliko unavyodhani, na iwe sawasawa, usivute ukaacha ukavuta. Mchana kusimamasimama kunamchokoza samaki, usiku kunampoteza, mana anaifuata kwa kuhisi na ukinyamaza anaikosa. Na akigusa usinyanyue fimbo! Hili shemeji yako naamini anakosea nalo pia. Vuta mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka usikie uzito, ndio uinue. Ukinyanyua kabla, flai inatoka mdomoni inarudi usoni kwako na hauioni inakuja.

Kurusha nako kufupi, mita 8 mpaka 12 zinatosha kabisa, hakuna anayekupima. Fanya mazoezi mchana kwenye nyasi, ukishapata urefu wako funga kifundo kidogo cha uzi kwenye mshipi ili usiku vidole vikisikie, basi unajua umetoa kiasi gani bila kuangalia.

Suala la mwezi. Mwenzako kakwambia subiri mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa wanakwambia kinyume, mbalamwezi wanapumzika wanashona nyavu. Wote wana sababu. Taa ya mvuvi inashindana na mwezi, mwezi ukiwa mpevu ziwa lote limekuwa taa moja, dagaa hawana sababu ya kujikusanya na wanabaki chini zaidi. Kwahiyo ukitumia taa fuata giza, kama wao. Usipotumia taa mwezi mdogo unakusaidia kuona miguu yako na kumsaidia samaki kuona flai, ila ule mpevu kabisa mimi sijawahi kuupenda. Wakati ninaoupenda kwa moyo wote ni siku ya tatu ya nne baada ya mwezi mpevu. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwahiyo jua la kwetu likizama karibu saa moja jioni unapata giza zito la masaa mawili matatu kabla haujatoka, na kwenye hayo masaa ndio nimepata karibu kila samaki wangu mzuri wa usiku. Baada ya hapo nakunja narudi kulala.

Na yule wa mshipi wa mkono? Nisikufiche, kama unachotaka ni sangala mezani, yeye ana haki. Chambo cha dagaa mbichi kikishushwa na chubwi mpaka mita 40 kinamfikia sangala alipo, wakati mshipi wako unaoelea unafanya kazi kwenye mita moja ya juu tu. Flai kutoka kwenye mawe utapata mgebuka mdogo mdogo wakisogea, mara moja moja nonzi, na sangala mkubwa ni wa kuhesabu kwa mwaka. Nimemaliza mvua nzima ya vuli bila hata mmoja. Ukiwa na hela ya akiba nunua mshipi unaozama, unakushusha mita kadhaa na unabadilisha mambo sana. Njia nyingine ni kuzungumza na mwenye kipe pale Kibirizi au Katonga uende nao usiku mmoja kwa makubaliano, urushe nje ya mwanga wao upande ambao wavu haupo, ila uelewane kabisa na kapteni kabla ya kutoka, ule ni mkate wa watu na flai moja ikinasa kwenye wavu wao umewapotezea usiku. Na kama hamu yako ni kuhisi fimbo ikipinda tu, basi amka saa kumi na mbili asubuhi ukamvue kuhe kwenye mawe hayo hayo. Kuhe anawinda kwa macho, mchana, anakuja kwenye flai nyeupe kwa hasira ya ajabu, na mkeo atakuwa ameridhika.

Nimefika kwa mkeo, na namheshimu kwa alichosema. Mamba wapo, hasa kuelekea midomo ya mito, Luiche na Malagarasi, na kiboko usiku anatoka majini kwenda kula majani, ukikaa kwenye njia yake hakuulizi. Kwahiyo masharti yangu kwa mtu yeyote ni haya, usiku mguu hauingii majini, hata kifundoni, unasimama kwenye jiwe lililo juu ya maji angalau mita moja na nusu, huvulii midomo ya mito wala kwenye matete, na huendi peke yako. Samaki akinasa mnamvuta kwa wavu wa mpini mrefu. Ukiosha mikono osha kwenye ndoo.

Ila cha kuogopa kuliko mamba ni upepo, na huu hauzungumzwi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, hewa baridi inateremka kutoka milimani kwenda majini, na sisi tuko pwani ya mashariki, kwahiyo upepo wa usiku wa manane unakusukuma kwenda Kongo. Ukiwa kwenye kamtumbwi na mtu mmoja na kasia, mwanzoni ni raha mana maji pembeni yanatulia, ukija kushtuka taa za mji zimekuwa ndogo. Boti bila mashine usiku usipande, na hata yenye mashine vaa laifu jaketi, sio kuikalia. Kuanzia Novemba mpaka Aprili angalia na radi, fimbo hiyo ni ya kaboni, inapitisha umeme, ukisikia ngurumo ilaze chini uondoke kwenye mawe, usisubiri mvua ianze.

Alafu ndoano. Mwaka wangu wa pili, Katonga, upepo ulikuwa unatoka kulia kwangu na mimi narushia mkono wa kulia, flai ikasukumwa ikaingia nyuma ya sikio. Niliisikia kabla sijaumia, sauti kama mtu kapasua karatasi. Kwa sababu mwiba ulikuwa umebanwa mwenzangu aliitoa kwa vidole, sekunde mbili. Ingekuwa na mwiba ningelala nayo. Kwahiyo upepo ukitoka upande wa mkono wako geuka au acha, vaa kofia, na miwani yenye vioo vyeupe hata kama ni usiku, jicho halina spea. Ndoano ikiingia karibu na jicho, kwenye kiungo, au ikazama mpaka mwiba, usiivute na usikubali mtu yeyote aivute, kata nailoni, funika bila kukandamiza, nenda hospitali ya Maweni usiku huo huo. Na hata ile ndogo iliyotoka yenyewe, kama hukumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda, asubuhi pitia kituo cha afya.

Kabla ya safari ya tano pita kwa afisa uvuvi wa manispaa, sio kwa simu, nenda na fimbo yako aione. Muulize leseni ya uvuvi wa burudani, muulize taa inaruhusiwa umbali gani kutoka ufukweni hapo unapovulia, na muulize tarehe za kufunga ziwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwahiyo muulize na fimbo kama inahusika. Gombe na Mahale usifikirie hata kurusha, Mahale hifadhi imeingia mpaka kilomita 1.6 ndani ya maji.

Mimi jumamosi asubuhi nakuwaga ufukweni pale Katonga kuanzia saa moja. Njoo na fimbo, ndoano uziache nyumbani, nitakufungia kipande cha uzi mwekundu mwishoni mwa nailoni, turushe mpaka ukifumba macho uweze kukiweka ndani ya tairi la baiskeli kwa hatua kumi na mbili. Mama naye akiweza aje, ajionee mwenyewe jiwe utakalosimama.